Siku Tulipobadilisha Mashini Yako, Papa

Papa mupenzi,

Mama ameniambia nisilie tena kazini, eti wateja wanaogopa kuingia. Basi leo sikulia. Nimefungua mlango, nimefagia, nimewasha mashini, na kwa kuwa mvua imewafungia watu majumbani nimeona nikuandikie. Umewaandikia watu wa mji wetu wa Baraka barua maisha yako yote. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kukuandikia wewe hata moja.

Nikianza kukukumbuka, naanza na sauti ya vidole vyako. Nilikuwa mdogo, bado tunaishi juu kule Fizi, na wewe ulikuwa daktilo wa ofisi, mpiga chapa pekee niliyemjua duniani. Mama alikuwa akinituma nikuletee chakula cha mchana, nami nilikusikia kabla sijafika mlangoni: tatata-ta, tatata, halafu kengele ndogo ya mwisho wa mstari. Nilidhani kila baba ana sauti yake ya kazi, kama vile wa jirani yetu alivyokuwa na nyundo. Kilichonishangaza ni kwamba hukuitazama ile mashini hata kidogo. Ulimtazama mtu aliyeketi mbele yako.

"Papa, unajuaje herufi iko wapi?"

"Bidole bikisha kujua njia, macho inabaki ya bure," ukanijibu. "Mutu akikuambia shida yake, umuangalie yeye. Mashini haina shida."

Tulipohamia Baraka ukafungua hiki chumba chetu, njia ya kwenda bandari ya Mushimbakye, na watu wakakuita Papa Daktilo hata wale ambao hawakujua neno hilo lina maana gani. Mimi ukanipeleka Bukavu kwa shangazi, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza shule ya msingi. Nilikuja likizo mara chache kuliko tulivyoahidiana. Mara barabara mbaya, mara mto umejaa, mara watu wanakatazwa kusafiri. Nikamaliza sekondari kule, nikasoma na informatiki, elimu ya kompyuta, kule kule, na niliporudi kukaa nilikuwa mtu mzima, nina cheti kwenye bahasha na maoni juu ya kila kitu.

Kompyuta yako nilikuwa nimeisikia kwenye simu kabla ya kuiona. Ulinisimulia ilivyotoka Uvira juu ya lori, imefungwa ndani ya godoro la mtu kama mgonjwa, ikapita Makobola na Mboko ikirushwarushwa, na wewe umeketi pembeni yake ukiishika kwa mkono mmoja. Ilikuwa tayari imetumika ulipoinunua. Ilikuwa na kioo chenye mgongo mkubwa kama pipa, sanduku lake likikaa chini ya meza likivuma, na klavye, vile vibonye vya kuandikia, ndefu, nzito, ya mpangilio wa Kifaransa, yenye vibonye virefu vilivyopiga kelele karibu kama mashini yako ya zamani. Ulifurahia hasa kelele ile. Ulisema kijana wa dukani Uvira alitaka kukupa klavye nyingine, laini na ya kimya, ukamkatalia.

Nikakuta una desturi ambayo sikuikumbuka kutoka utotoni. Kila ulipomaliza barua, ulimgeuzia mteja kioo na kumwambia, "Soma, nisikie kama nimeandika vile ulisema." Kama hakujua kusoma, uliniita mimi nisome. Watu walikusifu kwa hilo. Walisema wapiga chapa wengine wanakuandikia mambo yao, lakini Papa Daktilo anakupa maneno yako uyasikie kwanza. Nami nilikusifu. Niliona ni heshima tu.

Niliona pia Mama anakusindikiza kila asubuhi mpaka mlangoni kabla ya kwenda sokoni na beseni lake, na jioni anakupitia mrudi pamoja, mkono wake ndani ya kwapa lako. Nikawacheka. Nikasema wazee wangu wanapendana kama wachumba. Wewe ukatabasamu ukitazama upande wa sauti yangu.

Nilifanya kazi nawe hivyo, wewe barua, mimi karatasi za wanafunzi, na kila siku ile mashini ilizidi kutuchosha. Asubuhi niliiwasha, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaikuta bado inajikuna. Wanafunzi walileta kazi zao za kumaliza masomo kwenye flashi, ikakataa kuzifungua. Kila mchana betri ya paneli za jua ilikwisha kabla ya watu kwisha, kwa sababu kile kioo pekee kilikunywa umeme kama ng'ombe, basi tukawasha jenereta, na jenereta ilitaka esansi, na esansi siku nyingine haikuwepo Baraka nzima. Siku mwanafunzi mmoja alipopoteza kurasa zake zote kwa sababu mashini ilizimika yenyewe, akakaa pale kizingitini ameshika kichwa, nikasema sasa basi.

Nikamwita fundi Kashindi. Alikuja na bisibisi zake kwenye mfuko wa kiunoni, akalilaza lile sanduku mezani akalifungua, na vumbi lililotoka ungedhani ni la barabara ya Lulimba. Unakumbuka alivyokohoa. Wewe ulisimama karibu na mlango, mgongo ukutani, mikono nyuma.

"Papa, iyi mashini iko muzee lakini haijakufa," Kashindi akasema. "Naweza kuiongezea memori, nitoe disiki yake ya zamani niweke ingine ya mbio, na nibadilishe kile kisanduku cha umeme. Itaamka. Itawatumikia tena muda kidogo."

"Na kioo?" nikauliza.

"Kioo kitabaki kile kile. Kitaendelea kukula umeme."

"Na programu mpya za printa?"

Akatikisa kichwa. "Moyo yake ni ya zamani, Sifa. Unaweza kumupa muzee viatu bipya, lakini huwezi kumuambia akimbie." Kisha akatoa picha kwenye simu yake, kompyuta ya kukunja, nyembamba, aliyoiona kwa mfanyabiashara wa Uvira aliyeipitisha Kigoma. "Iyi inakaa na betri yake mwenyewe. Paneli zenu zitaitosha mpaka jioni. Klavye yake ni ya Kiingereza, lakini herufi ni zile zile."

Nikaanza kueleza. Loo, Papa, nilivyoeleza siku ile! Umeme, kasi, wanafunzi, printa, jinsi ukarabati ungekuwa kutia kiraka juu ya kiraka. Na bado nasema hesabu zangu zilikuwa sawa. Hakuna fundi ambaye angenipinga. Lakini wewe ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza swali moja tu.

"Klavye yangu, yenyewe itabaki?"

Kashindi akachungulia nyuma ya sanduku, akashika mkia wa ile klavye, ule wa mviringo wa zamani. "Tukitengeneza iyi, itabaki. Tukinunua ile mupya, haina pa kuingilia. Ile mupya iko na yake, imeshikana na mwili."

Mimi nikacheka. Nikasema, "Papa na kelele yake! Tutakutafutia hata ngoma upige."

Ulicheka nami. Ukapapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba. Halafu ukasema, "Badilisheni. Kazi sasa ni ya Sifa. Mwenye shamba ndiye anachagua jembe."

Nilidhani umeshawishika. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mjadala kwa mzee wake bila kumvunjia heshima.

Mashini mpya ilifika kwa boti. Kashindi alilichukua lile sanduku la zamani pamoja na kioo na klavye, kama sehemu ya makubaliano, akavifunga nyuma ya pikipiki, na wewe ukatoka nje kuvisindikiza. Uliweka mkono juu ya klavye pale ilipofungwa kwa kamba. Kisha pikipiki ikaondoka.

Mteja wa kwanza kuja siku ile alikuwa Mama Wabiwa, yule muuzaji wa ndakala. Walikuwa wamempa mtu mwingine nafasi yake ya kuuzia samaki alipokuwa kwenye msiba, naye alitaka barua kwa mkuu wa soko. Alikuja mahususi kwako. Nikakuwekea ile mashini mpya mezani, nikakufungulia ukurasa mweupe, nikaenda kupanga karatasi kwenye printa.

Alikuambia yote, tangu msiba mpaka matusi aliyotukanwa. Ulimtazama yeye, kama siku zote, na vidole vyako vikaenda. Havikutoa sauti. Hilo ndilo nililoliona, kwamba chumba kilikuwa kimya mno. Ulipomaliza ukamgeuzia kioo.

"Soma, Mama, nisikie kama nimeandika vile ulisema."

Mama Wabiwa alisoma polepole siku zote, kidole kwenye kioo. Akaanza. Akasimama. Akaanza tena.

"Papa Daktilo, jina yangu hapa... Ze... ku... Sijui. Na hapa, Bukuruku?"

Nikaja nikachungulia nyuma ya bega lako. Ilikuwa imeandikwa *Bqrqkq*. Mahali pa jina lake palikuwa na *Zqbizq*. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, mistari iliyonyooka, aya zimepangwa vizuri, lakini kila A imekuwa Q, na karibu hakuna neno lililosomeka.

Sitausahau uso wako. Haukuwa uso wa mtu aliyekosea. Ulikuwa wa mtu aliyefika mahali alipojua atafika.

"Mashini iko mupya," ukasema, ukacheka kidogo. "Hatujajuana. Sifa, uje umuandikie mama."

Ukainuka ukaniachia kiti. Nikaandika ile barua upya, nikitazama vibonye, haraka haraka, ikatoka safi. Mama Wabiwa akashukuru. Ulikuwa umeketi kwenye benchi la wateja, na alipopita kwenda nje akakugusa bega, akasema, "Aksanti hata hivyo, Papa." Lile "hata hivyo" lilikuingia, nililiona likikuingia, lakini nilikuwa na mteja mwingine.

Kesho yake hukuja. Ulisema mgongo. Kesho kutwa ukasema jua kali. Halafu ukaacha kutoa sababu, nasi tukaacha kuuliza. Watu wakipita wanauliza, "Papa Daktilo iko wapi?" nami nawajibu, "Anapumzika." Nilidhani unapumzika kweli. Nilijiambia wazee hawapendi vitu vipya, umechukia kidogo, utazoea. Na kazi ilikwenda, Papa. Ilikwenda vizuri sana, na hilo ndilo lililonifunga macho. Betri ilifika jioni. Wanafunzi walijaa. Nilirudi nyumbani nikikusimulia mafanikio yangu, wewe umekaa kwenye kiti chako uani, ukiitikia, "Vizuri, mutoto yangu. Vizuri sana."

Mvua zikaja, zikaenda. Msimu mzima, Papa.

Mama ndiye aliyenifungua. Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, uani, asubuhi ya Jumapili baada ya misa, nawe ulikuwa ndani unasikiliza redio. Akanipa ishara kwa kidevu nichungulie dirishani. Ulikuwa umekaa kwenye meza ya kulia chakula, redio inasoma habari, na vidole vyako vyote kumi vilikuwa vinacheza juu ya mbao. Ulikuwa unapiga chapa yale maneno ya redio. Mwisho wa kila sentensi kidole gumba kiligonga mara moja.

"Kila siku," Mama akaninong'oneza. "Toka mulibadilisha ile mashini."

"Si arudi basi kazini? Kwa nini asizoee tu ile mupya? Atazame vibonye kidogo, wiki moja atakuwa amejua."

Mama akaacha kuchambua. Akanitazama kwa muda kama anapima kama niko mkubwa vya kutosha.

"Sifa. Papa yako haoni."

"Haoni vizuri, najua, tumuulizie miwani..."

"Haoni. Sisemi miwani. Ilianza pembeni, ikamufungia polepole kama mutu anafunga pazia, toka we ungali Bukavu. Anaona mwangaza. Anaona mutu akipita, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Alinikatalia kukuambia. Alisema, 'Sifa akijua, atanihurumia, na kazi ataifanya kwa huruma. Acha anipe kazi kama mutu.'"

Niliyashika yale majani ya sombe mkononi mpaka yakalowa maji yake. Yote yakarudi moja moja: mkono wa Mama kwapani mwako, tabasamu lako kwa sauti yangu, *soma, nisikie*. Ulikuwa ukiwasomesha wateja kwa sababu wewe hukuweza kusoma. Na swali lako kwa Kashindi, ambalo mimi nililifanya kichekesho. Ile klavye ilikuwa mahali pa mwisho duniani ambapo ulikuwa unaona. Ungeweza kusema hapana. Lakini kusema hapana kulitaka sababu, na sababu hukutaka niijue. Basi ukachagua jembe langu.

Siku iliyofuata nikaenda kwa Kashindi. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya redio ya mtu. Nikamwambia nataka klavye ya Papa, aniuzie, anikopeshe, vyovyote. Akasimama, akajifuta mikono.

"Ile mashini niliitengeneza, Sifa. Niliiongezea memori, nikaweka ile disiki ya mbio, vile niliwaambia. Iliamka vizuri kabisa. Imekwenda Kilembwe, kwa kituo cha afya. Klavye ilikwenda nayo."

Iliamka vizuri kabisa. Nilirudi kwa miguu, sikutaka pikipiki. Nilikuwa nimekata shauri baya kichwani, nipande mpaka Kilembwe nikaidai klavye kwa watu wanaoandikia majina ya wagonjwa. Nikafika mpaka kwenye kibanda cha mabati pale wanapouza kadi za simu ndipo likanijia jambo ambalo lilipaswa kunijia siku ya Mama Wabiwa. Hukuhitaji klavye ile. Herufi zilizochapwa juu ya vibonye hazikuwa na maana yoyote kwako, hukuwa ukizitazama. Ulichohitaji ni mashini iamini kwamba vibonye vyake ni vya Kifaransa, ambako A inakaa pale Kiingereza kinapoweka Q. Hilo ni jambo la kuchagua ndani ya mipangilio. Lipo pale, linangoja, nimefundishwa darasani, nimewafanyia wengine. Nilipofika chumbani kwetu nililifanya nikiwa nimesimama, hata mkoba sijautua, na likaisha kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Nikanunua na klavye ya kuchomeka, yenye vibonye virefu kidogo, nikaipiga mezani nisikie kelele yake. Haikuwa kama ya zamani, lakini ilisema kitu.

Nilikukuta uani.

"Papa, nakuomba msaada," nikasema. "Wanafunzi wamejaa, na barua za watu zinanilalia. Uje asubuhi tu."

"Mi nimepumzika, Sifa."

"Mikono yangu peke yake haitoshi."

"Ile mashini yako hainijui."

"Nimeifundisha," nikasema. "Nimeifundisha Kifaransa. Sasa inajua klavye vile we unaijua."

Sijui ulielewa kiasi gani. Nadhani ulielewa yote, kwa sababu hukuuliza kwa nini. Ulinyoosha mkono tu Mama akakupa shati.

Pale chumbani ulikaa, ukatafuta kwa vidole vya shahada vile vinundu viwili vidogo vilivyo kwenye klavye zote, ukavipata, ukavuta pumzi. Ukaandika neno moja. Ukageuza kichwa upande wangu.

"Soma, nisikie."

"Baraka," nikasoma.

"A iko?"

"A iko, Papa. Zote tatu."

Ukacheka kwa sauti mpaka kinyozi wa pembeni akachungulia kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, Papa amerudi kazini.

Ulirudi, ndiyo, lakini ulirudi kwa muda mfupi. Asubuhi ulikuwa unaandika wewe, mchana nageuza mpangilio naandika mimi. Mama Wabiwa alikuja kukuandikisha barua ambayo nadhani hata hakuihitaji, akalisoma jina lake kwa sauti kubwa, kidole kwenye kioo, mpaka mwisho. Ile homa ilipokushika tulidhani ni malaria ya kawaida. Halafu ikawa presha, halafu ikawa kitanda cha hospitali pale dirishani, na madaktari wakisema nasi kwa sauti ya chini.

Najua hutaki nijilaumu. Najua pia kwamba kompyuta ile ilikuwa imechoka na ilipaswa kuondoka. Ningelazimika kuchagua tena leo, ningechagua ile ile. Ninachosikitikia si mashini. Nasikitikia ule msimu wa mvua ambao wewe ulikaa nyumbani ukiandika juu ya mbao. Nasikitikia kwamba tulijadili umeme, kasi na printa, mimi, wewe na Kashindi, na katika chumba kile hapakuwa na aliyeweza kusema neno moja la kweli: wewe kwa sababu ya heshima yako, mimi kwa sababu sikuuliza. Na hata nilipojua, nikaendelea kunyamaza. Nilidhani nakulindia siri yako. Labda ulikuwa umechoka kuibeba peke yako ukingoja tu mtu aseme, "Papa, nimejua."

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia Mama. Siku moja kabla hujaondoka, alipokwenda kukuletea uji, ulinisikia nikivuta kiti. Ukasema, "Sifa, karibia." Nikakaribia. "Karibia zaidi." Ukaweka mikono yako yote miwili usoni kwangu. Hukuwahi kufanya hivyo. Ulianza kwenye paji la uso, ukashuka taratibu, nyusi, mashavu, ukarudi kwenye pua, ukakaa hapo. Vidole vyako vilikuwa vyepesi.

"Kumbe una uso ya mama yangu," ukasema. "Uliondoka mutoto. Umekuwa na uso ya mama yangu, na hakuna mutu aliniambia."

Papa, tulikaa chumba kimoja tangu niliporudi. Mimi upande huu wa meza, wewe upande ule.

Lala pole, mzee wangu. Mvua imekatika, watu wanaanza kupita, na nikinyamaza nasikia ziwa. Mama anakusalimu, atapanda Fizi akupalilie kaburi barabara ikikauka, nami nitamshika mkono njia yote.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Sifa